Toleo la Arobaini na Moja

Jumatatu, 2 Juni

Toleo la 38, kurasa kumi na sita, limekwisha kabla ya chai. Utaratibu ni uleule. Mlango wazi, meza karibu na mwanga, kitambaa cheusi chini ya karatasi, rula pembeni. Ninapangusa vumbi kwa brashi ya kunyolea ndevu. Adela anapiga picha kwa simu yake. Ninageuza ukurasa. Adela ni mke wa mwanangu mkubwa. Mume yuko kazini Mwanza. Mimi na yeye tumebaki hapa Nyakisasa, wilaya ya Ngara, na migomba na sanduku la magazeti.

Picha zinakwenda kwa Bi Rehema, mtunza majarida wa maktaba ya taifa, Dar es Salaam. Sijawahi kumwona uso. Sauti yake ni ya mtu anayetafuna karanga huku akisoma. Anakusanya majarida ya mwanzo yaliyochapwa mikoani, ya misheni, ya vyama vya wakulima, ya shule, ili yasomeke kwenye kompyuta popote. Letu ni Kivuko. Matoleo sitini na manne. Lilianza kabla ya uhuru, kwa mashine ya mkono, katika banda la misheni upande wa Rulenge. Lilitoka mara tatu au nne kwa mwaka, kutegemea karatasi. Bei ya kahawa, magonjwa ya migomba, mafundisho ya dini, barua za wasomaji, kitendawili kimoja. Mimi nililikuta tayari lina historia. Nilikuwa mpanga herufi.

Maktaba ilikosa matatu: 38, 41 na 52. Mawili ninayo. La 41 nimemwambia Rehema nitalitafuta. Huo ni nusu uongo. Najua halimo sandukuni.

Jumatano, 4 Juni

Rehema ameomba picha za daftari la mizigo. Nilijua siku hii itakuja.

Kwa kila toleo, nakala mbili za kwanza zilizotoka safi zilikuwa za maktaba. Sheria ilitaka hivyo. Zilifungwa kwa kamba, zikaandikwa daftarini: tarehe, idadi, sahihi ya aliyefunga. Aliyefunga ni mimi. Sasa Rehema anataka kujua kama 41 lilitumwa, maana kama lilitumwa basi limepotelea kwao. Watu wawili wamepewa kazi hiyo tangu juzi. Wanapanda ngazi, wanafungua makasha.

Daftari linasema zimetumwa. Mwandiko wangu, mzuri hata leo.

Hazikutumwa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepura maharage siku nzima. Sikumpigia. Mwoga.

Jumapili, 8 Juni

Nimetoka misa. Ninaandika hapa kwanza, kabla ya kumwambia mwingine.

Nilivuka mto Ruvubu, mpakani, nikikimbia mauaji ya kwetu, nikiwa na miaka kumi na tisa na shati moja. Misheni walinipa kazi kwa sababu niliweza kusoma maandishi yaliyogeuzwa, kama herufi za madini ya risasi zinavyokaa mashineni. Mzee Petro, msimamizi wa mashine, aliniambia, "Wewe uliyepoteza watu, panga herufi. Hizi hazikimbii." Mwaka huohuo tulitoa 41. Ukurasa wa kati ulikuwa majina matupu. Kichwa chake: Nani Amewaona? Walikuwa watu wanaotafutana baada ya kuvuka. Anayetafuta, anayetafutwa, kilima alichotoka, mahali alipo sasa.

Majina yetu mengi yanaanza na N. Nyandwi, Nahayo, Ntirampeba. Kasha letu la herufi liliagizwa kwa ajili ya Kiswahili. N kubwa ziliisha kabla sijafika nusu ya ukurasa. Nikachukua Z, nikazilaza ubavu zisomeke N, nikajaza nafasi kwa vipande vyembamba vya risasi. Mzee Petro alipoona alicheka mpaka akakohoa. "Kijana, umelaza watu chini!" Lakini alichapa.

Karatasi ilikuwa haba. Nakala ziliisha siku hiyohiyo, na watu waliendelea kuja. Mezani zilibaki mbili za maktaba, zimefungwa. Akaja Spesioza, msichana wa rika langu, mtoto mgongoni. Alikuwa akimtafuta kaka yake. Hakujua kusoma. Alitaka karatasi mkononi, atembee nayo, amwonyeshe kila anayejua kusoma. Nikakata kamba. Moja nikampa yeye. Ya pili nikampa katekista mmoja mzee, ambaye nyumba yake iliungua baadaye na kila kilichokuwemo. Kisha nikafungua daftari nikaandika zimetumwa.

Mstari wa mwisho wa ukurasa ule ni wangu. Nilikuwa nikimtafuta dada yangu, Godeliva. Hakuna aliyejibu.

Sijuti kukata kamba. Ninajuta kuandika.

Jumatatu, 9 Juni

Nimempigia Rehema. Nimesema yote bila kupumua, kama mtu anayemeza mwarobaini.

Kisha akauliza, "Babu, ile nakala ya kwanza ulimpa nani, na yuko wapi sasa?"

Basi. Hakuna jingine. Akageuka akawaambia watu wake washuke ngazi. Nilimsikia mmoja akisema, "Alhamdulillahi, magoti yangu."

Muda ni mfupi. Faili la Kivuko litafungwa katikati ya Julai, kisha mashine inahamia majarida mengine. Pasipo na toleo huwekwa ukurasa mweupe wenye neno moja: halikupatikana. Ukurasa mweupe mahali pa majina yale. Kwa mkono wangu. Siwezi kulala nalo hilo kaburini.

Spesioza nilimwona mara ya mwisho Lukole, enzi za kambi ya wakimbizi, nilipokuwa nikifundisha huko. Alikuja kutazama nyuso za waliofika. Aliniambia binti yake ameolewa na Msukuma huko Kaniha, na yeye mwenyewe anahamia kwao. Habari za kaka yake hakuzitaja. Niliogopa kuuliza.

Nitakwenda Kaniha.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda, na ninaandika haya nikiwa nyumba ya wageni Biharamulo. Pikipiki, basi, pikipiki tena. Vumbi jekundu mpaka masikioni. Nimeuliza njia kwa watu wanne. Wa nne, mama mwenye ndoo ya maji kichwani, alisema nitafute mji, boma lenye ng'ombe wengi kuliko watu. Nikaupata.

Spesioza hayupo. Alifariki miaka sita iliyopita. Yule mtoto wa mgongoni sasa ni Mama Kulwa, mama wa mapacha, nywele zimeanza mvi. Alinipigia goti kidogo. Shikamoo, marahaba. Maziwa, viazi vitamu, kiti chenye mgongo. Nikamweleza kilichonileta. Nilipofika kwenye maktaba ya taifa uso wake ukafungwa kama duka.

"Taifa ndiyo nani hapo?"

Nikaeleza upya. Nikatoa rula na kitambaa cheusi kumwonyesha kazi inavyofanyika.

"Mzee wangu, mama hakujua kusoma. Angetunza makaratasi ya nini? Hapa kuna kadi za kliniki na vyeti vya ubatizo. Ongeza maziwa, yapo mengine."

Mumewe, mtu wa utani, akadakia. "Nyie watu wa Ngara mnapenda karatasi. Sisi ng'ombe. Karatasi ikipotea imepotea. Ng'ombe jioni anarudi mwenyewe."

Tukacheka. Mama Kulwa hakucheka.

Anayo. Mtu anayedanganya kuhusu karatasi ninamjua. Nimeishi naye miaka mingi, ndani ya shati langu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimerudi. Mgongo umekataa. Adela amenikanda kwa maji ya moto na, akikanda, amenieleza jambo ambalo mimi na vitabu vyangu vyote sikuliona.

"Baba, umemwambia taifa linataka karatasi iliyoandikwa kwamba mama yake alikuja akikimbia. Na watoto wake wana vitambulisho vya taifa. Ungekuwa wewe ungeitoa?"

Nimeutazama mkoba wangu pale mlangoni.

Huku mpakani, mgeni mwenye mkoba akiuliza habari za karatasi, kila mtu anahesabu kimoyomoyo nani alizaliwa wapi. Ukurasa ule unasema bila kificho: fulani, wa kilima fulani, ng'ambo ya mto. Nami nilifika na mkoba, kalamu na rula. Nilifanana na ofisi. Mimi! Mimi ambaye cheti changu cha uraia kimo ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya Biblia, ndani ya sanduku lenye kufuli. Hili ni kosa la pili ninalolifanya kwa karatasi hiyohiyo moja.

Jumanne, 17 Juni

Adela anasema nirudi nimbembeleze. Rehema anasema wanaweza kumwandikia barua rasmi ya kumtoa wasiwasi, yenye muhuri. Nimekataa yote mawili. Barua yenye muhuri ndiyo itakayoifikisha karatasi ile jikoni, chini ya chungu.

Nimekuwa mkali kwa Rehema. Hakustahili.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeandika barua mbili.

Ya kwanza kwa Rehema. Aweke ukurasa mweupe. Lakini chini yake aandike ukweli: toleo lilichapwa, nakala za maktaba zilitolewa na mpanga herufi, hazikupotelea maktaba. Nimetia sahihi. Heri pengo katika jarida kuliko hofu katika nyumba ya watu.

Ya pili kwa Mama Kulwa, kupitia katekista wa kwao. Nimemwomba radhi kwa mkoba na rula. Nimemwambia mimi ndiye niliyekata kamba siku ile, na kwamba jina la mwisho kwenye ukurasa ni la dada yangu, lenye jina langu ubavuni. Kama karatasi ile ni shitaka, ni shitaka langu pia. Nimemwambia sitauliza tena.

Ninahuzunika kama mtu aliyefiwa ambaye hawezi kutangaza msiba.

Jumatano, 25 Juni

Kazi imesaidia. Toleo la 52 limekwisha leo. Ndani yake kuna barua ya msomaji aliyekasirika kwa sababu kitendawili cha toleo lililopita hakikupewa jibu, na tangu hapo hajaelewana na mkewe, kila mmoja ana jibu lake. Nimemsomea Rehema kwenye simu. Amecheka mpaka akaomba nisubiri. Anasema ndiyo maana anapenda majarida kuliko vitabu. Kitabu kinajua kinaishia wapi. Jarida halijui, linatoka tu, lina matumaini kwamba kuna mtu anasubiri.

Jibu la kitendawili lilikuwa moshi. Nilimwambia. Akasema yeye alidhani ni deni. Tumebishana kidogo. Siku nzuri, ya kwanza baada ya nyingi.

Jumanne, 1 Julai

Namba ngeni. Nikapokea nikiwa migombani.

"Shikamoo Mzee. Kumbe wewe ndiye uliyekata kamba! Mama alisema uliikata kwa meno."

Meno nilikuwa nimeyasahau. Huenda ni kweli. Wakati huo nilikuwa nayo.

Mama Kulwa alizungumza muda mrefu, nami nilisimama mahali pamoja nimeshika panga. Mama yake alitembea na ule ukurasa miezi minane. Kila kijiji alimtafuta anayejua kusoma. Mwisho, huko Kasulo, mwalimu mmoja aliusoma kwa sauti sokoni, na mwanamume mmoja akaweka chini mzigo wake wa chumvi. Alikuwa kaka yake.

Alipatikana! Miaka yote hii nilikuwa naogopa kuuliza jambo ambalo jibu lake lilikuwa ndiyo.

Yule mjomba aliaga dunia mwaka jana, mzee wa wajukuu. Wajukuu hao wanataka kujua babu yao alipatikanaje. Mama Kulwa aliwaita mapacha wake, watu wazima wenye miji yao, akawauliza. Kulwa alisema, "Mama, vitambulisho tunavyo. Bibi hakuiba kitu, alitafuta ndugu." Doto alisema heri isomwe kuliko iliwe na mende.

Sharti moja. Karatasi haitoki nyumbani. Tuje, tupige picha, turudi tulivyokuja. Na maktaba iandike kwamba ni yake, si ya maktaba.

Nimesema ndiyo kabla hajamaliza. Halafu nikakumbuka kwamba maktaba si yangu. Nimempigia Rehema. Naye amesema ndiyo kabla sijamaliza.

Alhamisi, 3 Julai

Kaniha tena, safari hii na Adela. Bila mkoba. Kitambaa cheusi nimekifunga shingoni kama skafu, rula Adela kaificha kwenye khanga. Mwenye nyumba alituona akapaza sauti, "Karatasi imerudi jioni yenyewe! Basi nayo ni ng'ombe." Nimekubali nimeshindwa.

Mama Kulwa alipanda kwenye kigoda akashusha kitu kutoka darini, juu ya mafiga. Nyungo mbili zilizoshonwa uso kwa uso kwa kamba ya mkonge. Spesioza alizishona mwenyewe. Moshi wa jikoni miaka yote hiyo uliwafukuza mchwa. Akazifumua kwa wembe, taratibu, mishono michache tu. Ndani, toleo zima, rangi ya chai ya rangi, lina harufu ya moto wa kuni. Limekunjwa mara nne. Mikunjo imepasuka lakini hakuna neno lililopotea.

Nikaona Z zangu zimelala pale. Nikaletewa kile kiti chenye mgongo.

Tukafanya kazi mlangoni penye mwanga. Rehema kwenye simu ya mwenyeji akielekeza: msiinamie, mnatia kivuli, rula ionekane, rudia huo. Mume akataka ng'ombe wake mmoja apigwe picha pia, taifa nalo limjue. Adela akampiga. Rehema amekiri kwamba ng'ombe amefika Dar es Salaam salama.

Kisha Mama Kulwa akaniomba niusome ule ukurasa wa kati. Wote. Hajawahi kuusikia wote. Waliokuwa wakisoma walikuwa wakifika kwenye jina la mama yake wanaishia hapo. Wakakaa. Nikasoma. Nilipofika mstari wa mwisho nilisoma kwa sauti ileile niliyowasomea wengine, nadhani.

"Msome tena huyo," akasema Mama Kulwa.

Nikasoma tena. Godeliva, wa kilima chetu, anatafutwa na mdogo wake. Wakalirudia jina lake, kila mmoja kwa wakati wake, kama watu wanaojifunza. Zamani nilikuwa nalijua peke yangu katika wilaya hizi mbili.

Akazishona nyungo palepale, kwa kamba mpya, akazirudisha juu ya moshi.

Jumatatu, 7 Julai

Rehema amenitumia maandishi watakayoweka. Kivuko, toleo la 41. Limepigwa picha kwa ruhusa ya wenyewe. Nakala ya asili ipo kwa familia, Kaniha, Biharamulo. Mama Kulwa hakutaka jina lake liandikwe, alitaka familia tu. Nimemsomea kwenye simu. Akaniuliza kama maktaba ya taifa ina nyumba nyingine ndogo kama yake. Nilisema sijui. Rehema anasema sasa inayo moja.

Nimefungua daftari la mizigo. Sikufuta zimetumwa. Nimepiga mstari chini yake, nikaandika tarehe ya leo na jinsi mambo yalivyokuwa. Mwandiko si mzuri kama ule wa juu. Unasomeka.

Jumatano, 16 Julai

Baridi ya asubuhi. Ukungu juu ya migomba mpaka saa tatu. Adela amekwenda soko la Rulenge.

Faili limefungwa jana. Sitini na nne kati ya sitini na nne. Nilidhani nitajisikia mtupu. Lakini Rehema ana ombi. Habari nyingi za Kivuko hazina jina la mwandishi. Desturi ya misheni ilikuwa hivyo. Kuweka jina kulionekana ni kujikweza. Wasomaji watataka kujua nani aliandika nini, na wa kuulizwa nimebaki mimi. Amenitumia orodha, kurasa tisa.

Nimeanza na toleo la 39, la kwanza kupita mikononi mwangu. Ukurasa wa tatu, namna ya kuhifadhi mbegu za maharage kwa majivu. Makala fupi, safi, haina neno la ziada. Aliyeiandika alikuwa mke wa Mzee Petro. Alikuwa akileta maandishi yake chini ya mboga, kapuni, ili wanaume wa bandani wasimcheke, na mumewe akiyaweka mezani kwangu bila kusema kitu.

Aliitwa Anastazia. Nimeandika.